Mtamba wa Kampuni

Zuhura alikuja kwangu Gitting baada ya mvua, mjukuu wake amemshika mkono, fimbo mkono wa pili, na kabla hajavuka kizingiti akaniuliza, “Mama Safari, taarifa ya mwaka umeshapeleka kwa Msajili?” Yule mjukuu akanitazama kwa huruma, akidhani bibi yake amechanganyikiwa. Nikamjibu, “Nimepeleka, Mwenyekiti. Kaa tufungue kikao.” Tulicheka mpaka nikashika nguzo ya mlango nisianguke. Hatukuwa tumeonana tangu alipohamia Singida kwa mwanawe, lakini hakuna aliyeuliza habari za magoti wala za presha. Tulikaa jikoni, nikamkorogea uji wa mtama, akaunywa huku anaongea, na kutwa nzima tulisema habari za mwaka mmoja tu, ule tulioanzisha kampuni. Kijana alipoona hatunyamazi akatoa simu, akasema yeye na wenzake nao wana kampuni, wameisajili kwa simu hiyo hiyo, na cheti wanacho. Nikamuuliza mkutano mkuu wamefanya lini. Akarudisha simu mfukoni. Nikamuuliza vitabu vya hesabu viko kwa nani. Akasema, “Bibi, bado tunajipanga.” Basi haya ninayaandika kwa ajili yake na wenzake wanaojipanga. Shule yangu iliishia darasa la nne, asitafute humu maneno ya mapambo.

Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa bado yanafanya kazi wakati ule, na mimi nilikuwa mpishi katika kantini ya shamba moja upande wa Basotu. Mtu aliyezaliwa juzi hawezi kujua ngano ile ilivyokuwa. Ulisimama mlangoni ukatazama, na jicho halikupata pa kuishia, upepo unailaza na kuiinua, na kule mwisho kabisa Mlima Hanang umekaa peke yake. Kantini ilikuwa ya mabati, ukuta na paa, mchana inachoma na asubuhi inagandisha vidole. Ndani meza ndefu, mabenchi, harufu ya mafuta ya taa na maharage, na madereva wa trekta na kombaini waliokula huku wanabishana kwa sauti ya watu waliozoea kushindana na injini. Na mkate, katikati ya ngano yote ile, ulitoka Arusha kwa lori. Ukifika umeshaota ndevu. Dereva mmoja alikuwa anaugonga mezani anasema, “Jamani fungueni, kuna mgeni.” Sisi wanawake, kombaini zikishapita, tuliruhusiwa kuokota masuke yaliyobaki chini. Yangu niliyasaga, nikajenga tanuri la matofali nyuma ya kantini, nikaanza kuoka. Baada ya muda mkate wa Arusha ukaachiwa kuku.

Siku moja Meneja alikula mkate wangu amesimama, hakusema kitu, akaingia ofisini kwa mhasibu. Ukuta wa bati hauna siri. Nilikuwa nimezamisha mikono kwenye unga nikamsikia anasema kantini itafungwa, shamba ni la kulima si la kupika, chakula kitanunuliwa nje kwa tenda. Mhasibu akauliza, “Na huyu mama wa mkate?” Meneja akasema, “Huyo ni mtu. Makao makuu hawaniruhusu kumpa tenda mtu, nataka kampuni yenye cheti.” Nikatoka na unga wangu mpaka kwenye viwiko, nikasimama mlangoni. Nikamwamkia tena, ingawa asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia, nikamuuliza kampuni inapatikana wapi. Mhasibu alicheka. Meneja hakucheka. Akasema, “Mama, niletee kampuni, tusaini mkataba kabla kombaini hazijaingia shambani. Ukichelewa, kuna mtu wa Arusha anangoja.” Basi ikawa hivyo. Nikipata kampuni kabla ya mavuno, mkate ni wangu. Nisipoipata, kantini imefungwa na mimi nimefungwa pamoja nayo. Niseme ukweli, sikuogopa. Nilisikia kama mtu aliyeambiwa kuna mlango mahali ambapo siku zote aliona ukuta.

Nilipanda tela la trekta mpaka Katesh, kwa Zuhura. Yeye ndiye aliyeniuzia hamira na sukari. Duka lake lilikuwa dogo mbele na refu nyuma, na chumba cha nyuma kilijaa magunia mpaka darini, kikabaki kinjia cha kupita mtu mmoja na kitanda cha kamba pembeni. Alinipa chai ya tangawizi na sambusa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ya ubia sitaki hata kuisikia.” Marehemu mumewe alikuwa na lori kwa ubia na mwenzake. Lori lilipoanguka na mizigo ya wateja, wenye mizigo walikuja nyumbani. “Walichukua vyungu, Mama Safari. Walichukua mpaka kitanda. Mimi nilikuwa nimekilalia.” Akasogeza kikombe. “Nataka ile inayoitwa limitedi. Yenye kikomo. Kama inakufa, wachukue cha kampuni, waishie hapo. Mlango wangu wasiuone.”

Mbele ya kaunta alikuwepo Mzee Bura wa Mogitu, amekuja kununua chumvi ya ng'ombe, na chumvi ilikuwa imeshafungwa zamani. Akasogea. “Mlango wasiuone kwa nini? Mtu si unamdai alichonacho?” Nikampa shikamoo, nikamweleza kama nilivyoelewa, kwamba kampuni ina mali yake na sisi tuna zetu. Akafikiri, akanusa ugoro, akasema, “Aa. Ni ng'ombe wa kuwekesha.” Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Mmoja anampelekea rafiki huyu, mwingine rafiki yule. Mfugaji anakunywa maziwa na kuchukua samadi, lakini ng'ombe na ndama wake ni wa mwenyewe, hata wakikaa huko miaka. “Mimi nikidaiwa,” Mzee Bura akasema, “mdai anaingia zizini anachukua wangu. Wa kuwekesha hamgusi, kila mtu anajua si wangu. Hiyo limitedi yenu ni kitu cha kwetu kabisa.” Zuhura akanikonyeza. Mzee alikuwa na msitu wa miti ya kupanda, na tanuri linakula kuni. Tukawa watatu.

Wakili wa Arusha alikuwa kijana, ofisi yake juu ya duka la vitambaa, ngazi za mbao zinazolia. Alituketisha kwenye viti vya plastiki akaanza, “Kwanza mfahamu kwamba kampuni ni mtu.” Mzee Bura akamkatiza. “Wa ukoo gani?”

“Hana ukoo, mzee. Ni mtu wa kisheria. Anaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa.”

“Anazaliwa wapi?”

“Kwa Msajili, Dar es Salaam.”

“Na akifa anazikwa na nani?”

Wakili akafikiri kidogo. “Kuna mfilisi.”

“Basi ana ndugu mmoja,” Mzee Bura akasema, na wakili akacheka mpaka akavua miwani. Tangu hapo walipatana. Alitueleza yote polepole. Lazima jina, na jina lisiwe la mwingine. Lazima waraka wa kusema kampuni inafanya nini, na katiba ya kusema inajiendeshaje: nani mkurugenzi, nani katibu, mkutano unaitishwaje, nani anasaini. Lazima hisa, na kila mmoja aseme analeta nini. Nilisema ninaleta mikono yangu. Akaniambia mikono italipwa mshahara, hisa ni kitu kinachowekwa ndani na kinabaki ndani. Nikaweka magunia yangu ya ngano ya masuke, yote. Zuhura akaweka mabati ya kuezekea, trei za kuokea na magunia ya sukari. Mzee Bura akaweka mtamba mwenye mimba, mwekundu, paji jeupe. Ilikubaliwa akae zizini kwa mzee hadi tumuuze mnadani, tununue unga wa kuanzia. Zuhura, kwa woga wake wa zamani, aling'ang'ania katiba iseme mkataba wowote usainiwe na wakurugenzi wote watatu, si wawili. “Mume wangu alisainiwa na mwenzake, mwenyewe hana habari,” alisema. Wakili akashauri wawili wanatosha. Zuhura akasema, “Andika watatu.” Jina la kwanza tulilopeleka lilikuwa Umoja, likarudi, lina mwenyewe. Tukapeleka Neema, likarudi pia. Zuhura akasema nchi hii watu wote wana umoja na neema ila sisi. Mimi nikasema tuite Chachu. Likapita.

Cheti kilifika Katesh kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Zuhura alinitumia ujumbe kwa dereva, nami niliacha maharage jikoni, sikumbuki nani aliyapakua. Tulikikunjua juu ya gunia la sukari. Chachu Limited. Zuhura hasomi vizuri herufi za kizungu, akapitisha kidole juu yake kama mtu anayepapasa nguo mpya. Na muhuri ulikuwa umekuja, wa chuma, mzito, ukiubana karatasi inavimba herufi bila wino. Tulibana makaratasi ya kufungia chumvi mpaka yakaisha. Kwa mara ya kwanza niliona jina nililolitaja kwa mdomo wangu limekuwa kitu ambacho hata Meneja atasimama kukipokea. Mpaka leo nikiwaza siku ile miguu inataka kutembea.

Halafu mtamba akazaa, ndama jike mwekundu kama mama yake.

Tulipata habari hizo mnadani, na siyo kwa Mzee Bura. Zuhura alikuwa ameshapata mnunuzi, na mchunga ng'ombe wa Mogitu akamwambia yule mtamba hawezi kununuliwa sasa, ana ndama, na mzee anasema ndama ni wake. Tulikwenda. Mzee alitupokea vizuri, mkewe akatupa maziwa ya mgando kwenye vibuyu, tukanywa, na tulipomaliza akasema kwa upole kabisa, “Ng'ombe ni wenu. Ndama ni wangu. Aliyetoa ng'ombe anafuata uzao wake.”

“Mzee,” Zuhura akasema, “ile ni hisa. Hisa haizai.”

“Mbona hii imezaa?”

Zuhura alikasirika, na hasira yake ilikuwa na sababu. “Leo tukikupa ndama, kesho mimi ninatoa mabati yangu, na Mama Safari anachukua ngano yake. Itabaki kampuni gani? Faida inagawiwa kwenye mkutano mkuu, kila mtu kwa hisa zake. Wakili si alisema?”

“Alisema. Na mimi nimesikia. Lakini ng'ombe yule mimi nilimwekesha kwa kampuni. Mkikubali ndama ni wangu, nitasaini mkataba wenu. Msipokubali, mkono wangu unauma.”

Tuliondoka. Tulipofika njia panda Zuhura akasema, “Ni mimi niliyetaka saini tatu.” Ilikuwa kweli. Na kule Basotu ngano ilikuwa imeshageuka rangi. Mafundi walikuwa wamelala chini ya kombaini wakizipaka grisi. Mtu wa Arusha alionekana kantini amevaa koti, anapima milango. Madereva waliniuliza, “Mama Safari, kampuni imefika wapi?” nikawaambia ipo, inakula. Tulikuwa na cheti, muhuri, matofali, kuni, na mkono wa mzee mmoja ulikuwa unauma.

Nilikuwa ninakanda unga, ndipo fikra ikanijia, na ilinijia kwa nguvu hata nikasimama. Mzee Bura anasema alimwekesha ng'ombe kwa kampuni. Na ng'ombe analala wapi? Nikanawa mikono, nikamwachia mwenzangu tanuri, nikapita Katesh kumchukua Zuhura. Alikuwa anapima mchele. Nikamwambia, “Chukua muhuri, chukua daftari la mihtasari, chukua sukari na ugoro. Tunakwenda kufanya mkutano.” Akasema, “Wapi?” Nikasema, “Zizini.”

Tulimkuta Mzee Bura amekaa juu ya jiwe mlangoni pa tembe lake, anatazama ng'ombe wakinywa maji. Nikamsalimu, nikakaa chini, sikupokea maziwa kwanza. “Mzee, nimekuja kukuuliza desturi, wewe ni mkubwa wangu. Mtu akiwekesha ng'ombe, ng'ombe analala kwa nani?”

“Kwa mfugaji.”

“Umeshawahi kuona mtu amewekesha ng'ombe kwenye zizi lake mwenyewe?”

Mkewe, aliyekuwa anasuka kamba nyuma yake, akasema bila kuinua uso, “Huyo atakuwa mgonjwa.”

“Basi mzee,” nikasema, “yule mtamba analala kwako. Ama hukumtoa kabisa, na hapo huna hisa, si mwenzetu. Ama ulimtoa, ni wa kampuni, na kampuni ndiyo iliyomwekesha kwako. Wewe ndiye mfugaji. Maziwa yako, samadi yako. Ndama wa nani?”

Mzee akamgeukia ng'ombe. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeshindwa, ilikuwa ya mtu anayelalamika kwa haki, “Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Lakini huyo mwenye ng'ombe wenu hana adabu. Tangu alete ng'ombe kwangu hajaja kumwangalia. Ng'ombe amezaa kwa shida, tumekesha naye mimi na mama huyu, hakuna aliyekuja kusema asante. Mwenye ng'ombe anakuja na kitu mkononi. Anauliza habari. Ng'ombe akizaa tena na tena, anamwachia mfugaji ndama mmoja. Ninyi mlikuja na mnunuzi.”

Hapo nikaona kitu ambacho wakili hakutuambia, au alituambia hatukusikia. Kampuni ni mtu, sawa, lakini ni mtu asiye na miguu. Wenye miguu wasipotembea kwa niaba yake, haendi popote. Tulikuwa tumemsajili, tukamwacha Katesh kwenye gunia la sukari. Siku hizi nikiwaona vijana wana cheti ukutani, hesabu hazijafungwa, wanahisa hawajaonana tangu siku ya kupiga picha, namkumbuka mzee yule juu ya jiwe. Sisi kampuni yetu iliishi mpaka mashamba ya serikali yalipokufa na ngano ikakosa mwenyewe. Tuliifunga kwa utaratibu, waliotudai wakalipwa kwa mali ya kampuni, ilipoisha wakaishia hapo, na hakuna aliyelala chini kwa sababu kitanda kimechukuliwa. Iliishi hivyo kwa sababu kila mwaka tulikaa pamoja tukaandika tulichosema.

Zuhura ndiye aliyefanya la maana siku ile. Akainuka, akamwekea mke wa mzee sukari mikononi, akampa mzee ugoro, akasema, “Kampuni inauliza habari za ng'ombe wake.” Mzee akasema, “Ng'ombe mzima. Ziwa moja lilivimba, limepona.” Zuhura akasema, “Kampuni inasema asante.” Mzee akasema, “Imepokelewa.” Ndipo tukafungua mkutano. Zuhura mwenyekiti, mimi katibu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la nne: ndama ni wa kampuni, ng'ombe hauzwi kwanza, Zuhura atatoa unga wa kuanzia na kampuni itamrudishia, mfugaji atapewa ndama jike akizaliwa mwingine, na mkurugenzi mmoja atakwenda kumwona ng'ombe mara kwa mara, na hatakwenda mikono mitupu. Mzee akaomba nimsomee mara mbili. Mara ya pili akasahihisha: “Andika ziwa limepona.” Nikaandika. Akasaini. Tukala ugali na maziwa, na jioni ilipoingia alikuwa anamtania Zuhura kwamba mabati yake nayo yakizaa, yeye mfugaji yupo.

Mkataba tulisaini juu ya boneti ya Landrova ya Meneja, pembeni mwa shamba, kombaini zimeshawashwa, vumbi limeanza kupanda. Mtu wa Arusha alisimama upande mwingine na koti lake. Meneja alisoma cheti, akasoma katiba, akatutazama mmoja mmoja, nadhani alikuwa anatafuta mwanamume mwenye tai. “Mwenye kampuni ni nani kati yenu?” Mzee Bura akavuta shuka lake begani, akasema, “Hajaja. Ametutuma sisi.” Meneja akaangalia chini, mdomo unamcheza, akatukabidhi kalamu. Nilisaini. Zuhura akasaini. Mzee akasaini, akaangalia saini yake, akaongeza nukta. Zuhura akabana muhuri, boneti ikalia.

Kutoka juu ya kombaini ya kwanza dereva mmoja akapaza sauti, “Mama Safari, hiyo karatasi inaliwa?”

“Kesho asubuhi,” nikamwambia.

Tukaondoka mbio, wakurugenzi wote watatu, maana unga ulikuwa bado haujachekechwa.